Semina ya uongozi kwa bodi za vyama vya ustawi wa watoto: somo la hesabu ni zuri, somo la mtoto limewekwa mwisho

Kampuni moja ya ushauri jijini Dar es Salaam hutoa semina ya siku tatu kwa wajumbe wa bodi na kamati tendaji za vyama vinavyoshughulikia ustawi wa watoto, yaani makao ya watoto, vituo vya kulelea watoto wadogo mchana, vikundi vinavyolipia sare na mahitaji ya shule kwa watoto wa familia maskini, na mashirika madogo yanayofanya kazi na watoto wanaoishi mitaani. Ada yake ni shilingi 350,000 kwa kila mshiriki, ikijumuisha chai, chakula cha mchana, kitini na cheti, ila nauli na malazi ni juu ya mshiriki mwenyewe. Chama chetu, ambacho kipo upande wa Temeke na kinaendesha kituo cha mchana pamoja na kufuatilia watoto wachache waliowekwa kwa familia za kuaminika, kiliwapeleka mwenyekiti, mhazini, mratibu wa kituo na mimi niliye katibu. Kampuni yenyewe sitaitaja, kwa sababu kasoro nitakazozieleza nimezisikia pia kwa wenzetu waliosoma kwa watoaji wengine, na msomaji anayetaka kununua mafunzo ya aina hii atafaidika zaidi akijua la kuuliza kuliko akijua jina la kuliepuka.

Hukumu yangu ni kwamba semina hii inamfaa sana mhazini, inamfaa kiasi mwenyekiti, na haimfai mtu ambaye kazi yake ni kukaa na watoto. Hilo lisingekuwa tatizo kama tangazo lake lisingesema kwamba inalenga "chama kizima".

Siku ya kwanza ilihusu sheria na katiba. Mwezeshaji alikuwa wakili ambaye anaonekana amekaa muda mrefu na vyama vidogo, kwani hakutusomea vifungu kama anayesoma hukumu, bali alimtaka kila mmoja afungue katiba ya chama chake na kutafuta mambo matatu: akidi ya mkutano mkuu, yaani idadi ya chini ya wajumbe wanaotakiwa kuwepo, ukomo wa uongozi, na njia ya kumwondoa mwenyekiti akishindwa kazi. Ukumbi ulikaa kimya kwa muda, kisha minong'ono ikaanza. Vyama kadhaa vilikuwa na katiba zilizonakiliwa kutoka chama kingine, kiasi kwamba katiba moja bado ilitaja wilaya ambayo chama hicho hakijawahi kufanya kazi. Nyingine ilimtaja mwanzilishi kuwa mwenyekiti wa kudumu, na mjumbe wa bodi aliyekuwa akiisoma alikiri kwamba hakuwahi kuifungua tangu alipoisaini. Mzee mmoja, ambaye ndiye aliyeanzisha makao ya watoto anayoyaongoza, hakufurahishwa na mwelekeo wa mazungumzo. Alisimama akasema, "Mwanangu, chama hiki nimekianzisha kwa mafao yangu ya kustaafu, leo unataka nikaombe kura kwa watu niliowaalika mimi mwenyewe?" Wakili alimjibu kwa heshima iliyostahili: "Mzee wangu, hakuna anayekunyang'anya chama. Ninachouliza ni hiki: ukilazwa Muhimbili mwezi mzima, nani atasaini hundi ya chakula cha watoto?" Mzee alikaa bila kujibu, na baada ya chai alionekana pembeni na mjumbe wake mmoja, katiba ikiwa mezani na kalamu ikiwa mkononi.

Katika sehemu hiyo hiyo tulielezwa vizuri tofauti ambayo imevisumbua vyama vingi, kati ya wadhamini waliosajiliwa RITA (Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini) kwa ajili ya kushika mali, bodi inayotoa mwelekeo na kusimamia, na kamati tendaji inayofanya kazi za kila siku. Mwezeshaji alipitia Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali, Namba 24 ya mwaka 2002, akaonyesha marekebisho ya mwaka 2005 na yale ya mwaka 2019 yaliyozitaka taasisi zilizosajiliwa kama kampuni au kama wadhamini, lakini zinazofanya kazi za asasi za kiraia, zijisajili upya chini ya sheria hii. Aligusa pia wajibu wa kuwasilisha kila mwaka taarifa ya kazi na hesabu zilizokaguliwa, pamoja na kanuni za mwaka 2018 zilizoongeza masharti ya uwazi kwa fedha zinazozidi shilingi milioni 20. Kwa chama kidogo kinachopokea fedha kutoka kwa mfadhili mmoja wa nje, maelezo hayo peke yake yanaweza kuokoa usumbufu mkubwa.

Hata hivyo, kitini hakikulingana na mwezeshaji. Kilikuwa bado kinaitaja Wizara ya Afya, Maendeleo ya Jamii, Jinsia, Wazee na Watoto, ilhali wizara hiyo iligawanywa Januari 2022 na masuala ya asasi hizi pamoja na ustawi wa mtoto yakahamia Wizara ya Maendeleo ya Jamii, Jinsia, Wanawake na Makundi Maalum. Mtu anaweza kusema jina la wizara ni jambo dogo, lakini katibu wa chama anayeandika barua kwa kufuata kitini hicho ataanza kwa kukosea anwani. Upungufu mkubwa zaidi ni kwamba kitini hakikuwa na hata mstari mmoja kuhusu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Namba 11 ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, ambayo inaziweka taarifa zinazohusu watoto katika kundi la taarifa nyeti. Vyama vyetu ndivyo vinavyotunza majalada yenye habari za mtoto aliyetelekezwa, aliyebakwa, anayeishi na virusi vya UKIMWI au ambaye baba yake yuko gerezani. Kama kuna watu wanaopaswa kuijua sheria hiyo kwa undani, ni sisi. Niseme pia, kwa masikitiko, kwamba ukurasa wa kwanza wa kile kilichorushwa ukutani kwa projekta ulikuwa na picha ya watoto wa kituo fulani wakiwa wamebeba sahani, nyuso zikionekana wazi na jina la kituo likisomeka kwenye ukuta nyuma yao. Picha hiyo ilibaki pale kila tulipokwenda mapumziko, siku zote tatu.

Siku ya pili ndiyo iliyonifanya niione ada kuwa halali. Mwezeshaji wake alikuwa mhasibu mstaafu, mtu wa maneno machache, aliyeanza kwa kugawa karatasi moja yenye taarifa ya mapato na matumizi ya robo mwaka ya makao ya kubuni yenye watoto 40. Karatasi ilikuwa na mistari sita tu, kila mmoja ukiwa na bajeti, matumizi halisi na tofauti, na chini kabisa kulikuwa na salio la shilingi 220,000 ambazo hazikutumika. Alituuliza, kama sisi ni bodi, tungesema nini. Karibu kila kikundi kilimpongeza mhazini wa kubuni kwa nidhamu ya matumizi, na kikundi kimoja kilipendekeza salio hilo lipelekwe robo inayofuata.

Kisha akatutaka tuache kutazama mstari wa mwisho. Mstari wa chakula cha watoto ulikuwa na bajeti ya shilingi 10,800,000 na matumizi ya shilingi 6,480,000, na safu ya tofauti ilionyesha kwamba shilingi 4,320,000 "zimeokolewa". Mstari wa safari na semina ulikuwa na bajeti ya shilingi 2,000,000 na matumizi ya shilingi 6,100,000. Mistari mingine minne ililingana na bajeti. Akatuambia tugawe fedha za chakula kwa watoto 40 na kwa siku 90 za robo ile. Bajeti ilimpa kila mtoto shilingi 3,000 kwa siku, lakini kilichotumika kilikuwa shilingi 1,800. Hakusema kwamba kuna mtu aliyeiba. Alisema tu kwamba watoto wa makao haya wamelipia safari za viongozi wao kwa kupunguziwa chakula, na kwamba bodi yao imepiga makofi. Mhazini wetu, mama ambaye amekuwa akituletea taarifa za namna hiyo kwa miaka na sisi tukizipitisha kabla chai haijapoa, aliandika hesabu ile kwenye jalada la daftari lake ili asilazimike kuitafuta.

Zoezi lile lina thamani kuliko mihadhara mingi niliyowahi kuisikiliza kuhusu uwajibikaji, kwa sababu linamfundisha mjumbe asiye mhasibu kufanya jambo moja analoliweza: kuibadili namba kubwa iwe ya mtoto mmoja kwa siku moja, kisha ajiulize kama angekubali mtoto wake aishi hivyo. Baada ya hapo tulifanya hesabu hizo kwa mistari mingine. Gharama ya dawa kwa mtoto kwa mwezi ilileta mjadala, kwa kuwa baadhi ya vituo huitunza chini ya "mengineyo", na jambo lililo chini ya mengineyo halina mtu anayelifuatilia. Tulifika hata kwenye posho ya kikao, ambalo ni eneo gumu. Mhasibu alichora safu mbili ubaoni, ya kwanza ikiwa jumla ya posho za wajumbe wa bodi kwa mwaka, ya pili ikiwa mshahara wa mlezi mmoja wa watoto kwa mwaka, na akamwachia kila mmoja ajaze za chama chake bila kulazimika kuzisoma kwa sauti. Wapo waliozijaza haraka. Wapo waliofunika karatasi kwa kiganja.

Sehemu kubwa ya mchana wa siku hiyo ilihusu udhibiti wa kawaida wa fedha: masurufu (fedha anazokabidhiwa mtu kwa matumizi ya kazi) na marejesho yake, hati za malipo, waweka saini wa benki wasiokuwa wa nyumba moja, daftari la mali, na kutenganisha anayeidhinisha, anayelipa na anayetunza kumbukumbu. Haya yanajulikana, ingawa katika chama chenye watu watano kuyatekeleza si rahisi, na mwezeshaji alikuwa mkweli wa kutosha kukiri hilo na kupendekeza kwamba mjumbe mmoja wa bodi apitie stakabadhi za mwezi pale ambapo hakuna wafanyakazi wa kutosha wa kugawana kazi. Igizo la mgongano wa maslahi, ambamo mjumbe wa bodi ndiye mwenye duka linalouzia makao unga na maharage, lilichekesha kuliko lilivyofundisha, kwa sababu vikundi vyote vilikubaliana haraka kwamba mjumbe atangaze maslahi yake, atoke nje wakati wa uamuzi na muhtasari uandike hivyo. Hali halisi ni ngumu zaidi. Mwenye duka huyo mara nyingi ndiye anayekopesha unga mfadhili anapochelewesha fedha, na bodi inayomwambia atoke nje inajua kwamba mwezi ujao itamgongea mlango. Hapo palihitaji nusu saa zaidi, lakini tulipewa mapumziko.

Siku ya tatu ilikuwa ya mafunzo ya ndani ya chama, na hapa ndipo ninapotofautiana na kampuni hii kimsingi. Tulifundishwa kuandaa mpango wa mafunzo wa mwaka kwa kutumia jedwali lenye safu za mada, walengwa, tarehe, gharama na kiashiria. Jedwali ni safi, na mfadhili yeyote atalipenda. Lakini jedwali hilo linadhani kwamba mafunzo ni tukio linalofanyika ukumbini, lenye mwezeshaji kutoka nje, karatasi ya mahudhurio na posho ya nauli. Na kila aliyewahi kuongoza chama cha watoto katika jiji hili anajua ni nani huhudhuria matukio ya aina hiyo. Huhudhuria mratibu, mhasibu, na mjumbe wa bodi mwenye nafasi siku hiyo. Mlezi wa usiku hahudhurii, kwa kuwa asubuhi anarudi Mbagala au Gongo la Mboto kulala. Mpishi hahudhurii, kwa kuwa watoto hawawezi kukaa bila chakula kwa sababu ya semina. Mlinzi wa getini, ambaye ndiye anayejua ni mgeni gani aliingia saa ngapi na akatoka na nani, hatajwi kabisa kwenye safu ya walengwa. Kwa hiyo chama kinaweza kuwa na faili nene la vyeti huku watu wanaokaa na watoto kuanzia magharibi mpaka alfajiri wakiwa hawajawahi kufundishwa hata namna ya kumsikiliza mtoto anayekataa kwenda kuoga.

Mratibu wetu alilisema hilo kwa ufupi katika kazi za vikundi. Alisema kwamba katika kituo chetu mafunzo yaliyowahi kubadilisha kitu yalifanyika kwenye baraza ya jikoni, robo saa kila Jumatatu kabla watoto hawajaletwa, walezi wakizungumzia tukio moja la wiki iliyopita na nini kingefanywa tofauti. Mwezeshaji wa siku hiyo, ambaye hakuwa yule wakili wala yule mhasibu, alilisifu wazo hilo na kumwomba aliingize kwenye jedwali. Jedwali halikuwa na mahali pa kuliweka, maana halikuwa na gharama wala tarehe. Nadhani hapo kampuni ilikosa nafasi ya kujifunza kutoka kwa wateja wake. Nchi hii ina watu wanaoijua kazi ya kufundisha walezi: Taasisi ya Ustawi wa Jamii ipo hapa hapa Kijitonyama, imekuwepo tangu mwaka 1973, na maofisa ustawi wengi wa halmashauri zetu wamepita huko. Kumwalika mkufunzi mmoja wa fani hiyo kwa nusu siku kusingeongeza ada kwa kiasi cha kumzuia mtu.

Ulinzi wa mtoto uliwekwa mchana wa siku ya tatu, baada ya chakula, na ukapewa saa moja na nusu kabla ya hafla ya kutoa vyeti. Hafla yenyewe, pamoja na hotuba ya mgeni rasmi, neno la shukrani na picha za pamoja, ilichukua muda mrefu kuliko somo hilo.

Kilichosemwa ndani ya saa hiyo moja na nusu kilikuwa sahihi. Tulikumbushwa kwamba Sheria ya Mtoto, Namba 21 ya mwaka 2009, inamtambua kila mtu aliye chini ya miaka 18 kuwa mtoto, inataka maslahi bora ya mtoto yawe jambo la kwanza kuzingatiwa katika kila uamuzi unaomhusu, na inampa kila mwanajamii mwenye taarifa za kuvunjwa kwa haki za mtoto wajibu wa kuripoti kwa mamlaka ya serikali ya mtaa. Tulipewa mlolongo unaofahamika wa ofisa ustawi wa jamii, Dawati la Jinsia na Watoto katika vituo vya polisi, na namba 116 ambayo mtoto au mtu mzima huipiga bila malipo. Tulitajiwa utafiti wa kitaifa wa mwaka 2009, ambao matokeo yake yalitolewa mwaka 2011, ulioonyesha kwamba karibu wasichana watatu kati ya kumi na takriban mvulana mmoja kati ya saba walikuwa wamefanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kufikisha miaka 18. Takwimu hizo zilisomwa, watu wakasikitika, ukurasa ukafunuliwa.

Kilichokosekana ni kazi ya bodi yenyewe. Mjumbe wa bodi haji kwenye semina ya utawala ili aambiwe kwamba ukatili ni mbaya. Anakuja ili ajue atafanya nini siku ambayo anayetuhumiwa ni dereva wa chama, au mpwa wa mwenyekiti, au mgeni kutoka nje aliyechangia ujenzi wa bweni. Ni nani mwenye mamlaka ya kumsimamisha kazi mtu huyo siku hiyo hiyo, kabla kikao hakijaitishwa? Ni nani atakayezungumza na mama wa mtoto, na ni nani atakayemzuia mjumbe mwenye nia njema asiende nyumbani kwa familia hiyo na bahasha ili mambo "yaishe kwa kuelewana"? Jalada litakaa wapi, na ni wangapi watakaolisoma? Je, muhtasari wa kikao uandike jina la mtoto? Nilipouliza mawili kati ya hayo, mwezeshaji alinijibu kwamba kila chama kinapaswa kuwa na sera ya ulinzi wa mtoto na kwamba majibu yamo humo. Sera zetu nyingi, kama zilivyo katiba zetu, zimenakiliwa. Mtu aliyetumia siku nzima kutuonyesha kwamba katiba iliyonakiliwa haiongozi chama alikuwa ameshaondoka, na aliyebaki hakuunganisha mambo hayo mawili.

Jambo jingine ambalo halikuguswa kabisa ni nafasi ya watoto wenyewe katika uongozi wa vyama vinavyoishi kwa ajili yao. Kifungu cha 11 cha Sheria ya Mtoto kinampa mtoto haki ya kutoa maoni, kusikilizwa na kushiriki katika uamuzi unaohusu ustawi wake, na nchi yetu ina Mabaraza ya Watoto ambayo hata halmashauri zimeyazoea. Hakuna aliyetarajia kwamba mtoto wa miaka kumi aingie kwenye kikao cha bajeti. Lakini bodi inaweza kujifunza kuwauliza watoto maswali machache kila robo mwaka, kuhusu chakula, usalama wa usiku na mtu mzima wanayemwamini, na kuyaweka majibu kwenye ajenda namba mbili badala ya kuyaacha yaje chini ya mengineyo mjumbe mmoja akikumbuka. Kama yale makao ya kubuni ya mhasibu yangekuwa na utaratibu huo, mtoto yeyote kati ya wale 40 angeieleza bodi habari za chakula mapema kuliko karatasi ya hesabu.

Kuhusu huduma za kawaida sina malalamiko makubwa. Ukumbi, ulioko upande wa Ubungo, hufikika kwa mabasi ya mwendokasi, na hilo ni la kushukuru kwa mtu anayetoka Temeke asubuhi. Ubaridi wa kiyoyozi uliwafanya kina mama wajifunike khanga. Pilau ya siku ya pili ilipikwa na mtu anayejua kazi yake. Risiti ya EFD, yaani ya mashine ya kielektroniki ya kodi, ilitolewa siku ile ile tuliyolipa, jambo ambalo kwa semina ya uwajibikaji ni la lazima lakini si la kawaida kila mahali. Kitini kimefungwa vizuri na maandishi yake yanasomeka, ila kimechanganya lugha mbili bila mpango, kiasi kwamba mwenyekiti wetu, ambaye ni mwalimu mstaafu na msomaji mzuri, aliruka kurasa za jedwali la vihatarishi zote.

Ahadi ya ufuatiliaji baada ya semina ilitekelezwa kwa nusu. Yule mhasibu mstaafu alimpigia simu mhazini wetu mwenyewe, akamwomba amtumie taarifa ya robo mwaka, na akairudisha ikiwa na maswali ya mkono pembezoni. Tangu hapo taarifa zetu zina safu ya gharama kwa mtoto kwa siku, na vikao vimekuwa virefu kwa sababu nzuri. Kuhusu mpango wa mafunzo na sera ya ulinzi wa mtoto hatujapata simu, na barua pepe yetu ilijibiwa kwa tangazo la semina inayofuata.

Kwa chama chenye uwezo wa kulipia mtu mmoja, ningemshauri mwenyekiti amtume mhazini bila kusita, na amtume tena akiwa na taarifa halisi za chama mkononi, kwa kuwa mhasibu yule hukubali kuzipitia wakati wa chakula. Chama chenye uwezo wa kulipia wawili kimwongeze mjumbe wa bodi asiyejua hesabu. Mratibu wa kituo na walezi wabaki, na ada yao itumike kumleta ofisa ustawi wa jamii au mkufunzi wa malezi kituoni kwa saa chache, jioni, wakati mlezi wa usiku amekwisha fika. Anayetaka kujiandikisha aombe kwanza ratiba ya saa kwa saa, aangalie somo la ulinzi wa mtoto limewekwa wapi, na kama bado liko mchana wa siku ya mwisho aombe lisogezwe kabla hajalipa. Sisi tuliomba hivyo kwa niaba ya chama jirani kilichotaka kupeleka watu wake; tukajibiwa kwamba ratiba hupangwa kwa kufuata nafasi ya mgeni rasmi.